Kioo, Mafuta ya Karafuu na Mikono ya Msusi

Kwanza kabisa, vueni pete. Pete, bangili, saa ya mkononi, chochote kinachong'aa. Halafu vaeni nguo nyeusi ya mikono mirefu. Nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii nilichora kwa siku nne mwanamke anayechota maji, na nilipoitazama filamu ukutani nikaona wekundu fulani unapita juu ya maji kila mara anapoinama. Nilikaa nikijiuliza ni nini kile. Ilikuwa sweta yangu. Kioo hurudisha sura ya kila kitu kilicho juu yake, na kamera haina haya, inapiga inachokiona.

Mimi naitwa Hansa. Watu wa Matonge, mtaa wa Waafrika hapa Brussels, huniita Maman Hansa, na nyinyi mnaokuja Jumamosi kwenye karakana ya vijana na tableti zenu mmenizoea kwa jina hilohilo. Ni Mhindi, Mgujarati wa kuzaliwa. Nililetwa Bujumbura nikiwa na miaka mitatu, nikakulia nyuma ya kaunta ya duka la vitenge la wazazi wangu. Kiswahili nilikipata kwa wateja, ndiyo maana hadi leo kuhesabu mikunjo ya kitambaa kunanijia kwa Kiswahili na kugombana kunanijia kwa Kigujarati. Kwa miaka mingi nimetengeneza filamu za katuni kwa mkono, bila kampuni, katika chumba cha nyuma cha nyumba yangu ya Etterbeek. Sasa nimestaafu. Mmeniomba niandike ninayoyajua kuhusu kazi. Nitaandika kama ninavyozungumza, nikiruka huku na kule. Mnivumilie.

Kazi yenyewe ni hii. Unaweka kioo mezani, taa chini yake, kamera juu yake ikitazama chini. Unachora kwenye kioo kwa rangi za mafuta, kisha unapiga picha moja. Halafu unafuta kidogo. Tuseme ni mkono wa mtu: unaufuta kwa kitambaa, unauchora tena ukiwa umesogea upana wa punje ya mchele, unapiga nyingine. Picha kumi na mbili kwa kila sekunde ya filamu. Mwisho wa siku umechora picha labda ishirini, na kwenye kioo imebaki moja tu, ya mwisho. Zilizotangulia umezifuta mwenyewe. Hakuna cha kuning'iniza ukutani, hakuna cha kumwonyesha mgeni. Nimetengeneza filamu saba, na nyumbani kwangu hakuna hata mchoro mmoja wa filamu hizo.

Rangi ikikauka kabla hujamaliza, umekwisha. Taa ina joto, rangi inakaza, na ukijaribu kuisogeza inavunjika kama ukoko wa ugali. Dawa yake ni mafuta ya karafuu. Tone moja kwa rangi kiasi cha kijiko cha chai. Ukizidisha, rangi haitakauka mpaka uzee. Chumba changu kimenuka karafuu miaka yote hiyo. Mtu wa Ulaya akiingia husema panamkumbusha daktari wa meno. Mtu wa kwetu huuliza pilau iko wapi.

Jambo jingine ni tramu. Inapita barabara ya mbele, na inapopita meza hutetemeka. Huwezi kuuona mtetemo huo kwa jicho, lakini kwenye filamu dunia nzima inaruka. Mwaka wa kwanza nilitaka kuhama. Baadaye nikabandika ratiba ya tramu ukutani, pembeni ya kamera, nikajifunza kupiga picha katikati ya tramu mbili. Ilifika wakati nikawa siihitaji ratiba, mguu wangu ulijua. Hata nikiwa sokoni kununua vitunguu, tramu ikikaribia nilikuwa nasimama kimya na kusubiri ipite, muuzaji akiningoja nipokee chenji.

Na nzi. Nzi mmoja alitua kwenye anga niliyokuwa nimeichora, akanasa, akafa. Sikumwona mpaka nilipokuwa nimeshapiga picha sita. Kurudia kungenigharimu siku nzima, na nilikuwa nimechoka, nikamwacha. Filamu ilipoonyeshwa, bwana mmoja msomi alisimama akasema lile doa jeusi angani limemgusa sana, ni mauti yanayotunyemelea katikati ya uzuri. Nilimshukuru. Mngekuwa mimi mngesema nini?

Kosa langu kubwa kuliko yote sijawahi kulieleza katika karakana, kwa hiyo nalieleza hapa. Enzi za utepe wa filamu, kabla ya kamera hizi za sasa zinazokuonyesha picha papo hapo, ulikuwa unachora wiki nzima bila kujua umepata nini. Niliingiza utepe kwenye kamera gizani, kwa kupapasa, nikauweka kinyume, upande usioona mwanga ndio uliotazama lenzi. Nikachora wiki tatu. Mtoto anapanda ngazi, anamkuta bibi yake juu. Utepe ulirudi kutoka kusafishwa ukiwa umeharibika wote. Nilikaa sakafuni jikoni na kulia kama niliyefiwa. Halafu nikachora upya. Watu hupenda kusema kazi ya kurudia huwa bora kuliko ya kwanza. Si kweli. Ya kwanza ilikuwa bora, nilimwona yule mtoto akipanda, naikumbuka shingo yake. Ila hakuna mwingine aliyemwona, kwa hiyo wa pili ndiye aliyebaki.

Aliyenifundisha kuvumilia mambo hayo hakuwa mtu wa katuni. Nilipomaliza shule Bujumbura wazazi walinipeleka Gujarati kusoma sanaa, na njiani kati ya chuo na nilikopanga kulikuwa na uwanja wa mafundi wa mabango ya sinema. Bango moja lilikuwa kubwa kuliko nyumba. Fundi mkuu aliitwa Rahimbhai, mzee mfupi anayepanda jukwaa la mianzi na kopo la rangi mkononi, akichora jicho la mwigizaji lenye ukubwa wa meza bila kurudi nyuma kulitazama. Wanawake hawakufanya kazi pale. Nilisimama getini siku nyingi mpaka akachoka kuniona.

"Wewe msichana," akaniita, "unatafuta mume au unatafuta kazi?"

"Kazi."

"Basi osha brashi."

Niliosha brashi. Baadaye akaniruhusu kuchora masikio. Kwa miezi minne nilichora masikio tu, kwa sababu, alisema, hakuna mtu anayenunua tiketi kwa ajili ya sikio, hapo ndipo pa kukosea. Na kila Alhamisi filamu mpya ilipokuwa inakuja, Rahimbhai alichukua chokaa na kuzifuta zile nyuso nzuri zote. Mara ya kwanza nilipomwona akifanya hivyo nilipiga kelele. Nilimuuliza kama haumii.

"Wiki nzima mji mzima umemtazama," akasema. "Alitaka nini zaidi? Nipe ndoo, kuna mwingine anangoja kuchorwa."

Sasa nije kwenye filamu yangu ya mwisho, kwa sababu najua ndiyo mliyotaka niieleze.

Vita vilipoingia Bujumbura mimi nilikuwa tayari Brussels. Wazazi wangu walifunga duka na kuondoka, wakanifuata huku. Baba hakukaa sana, moyo ulimsimama mwaka wa tatu. Mama yangu, ambaye kwa Kigujarati namwita Ba, akabaki. Mara zote nilipomuuliza siku ile ilikuwaje, alinijibu maneno mawili: "Tulifunga. Tukaondoka." Nimemuuliza kwa upole, nimemuuliza kwa hasira, nimemuuliza akiwa na homa. Tulifunga, tukaondoka. Kwa hiyo nikaamua kuichora siku ambayo sikuiona. Duka, rafu za vitenge, Ba akiwa na nguvu zake, na mwisho, mlango.

Nilikuwa nimechora zaidi ya nusu ya filamu nilipoanza kumwaga chai. Mwanzoni nikadhani ni vikombe. Kisha mstari wa shavu la Ba, mstari niliokuwa nauchora kwa pumzi moja, ukatoka umechanika kama msumeno. Daktari alinitazama mikono, akanichoresha duara, akaniuliza kama baba yangu alitetemeka. Alitetemeka uzeeni, ndiyo. Akasema si ugonjwa wa kuua, ni mtetemeko wa ukoo, kuna vidonge vya kuupunguza, lakini brashi ndogo niisahau.

Mwaka huohuo macho ya Ba yakaanza kufa katikati. Sijui kama mmewahi kukutana na ugonjwa huo. Akikutazama usoni haoni uso wako, anaona masikio yako na ukuta ulio nyuma. Wakati huo alikuwa anaishi katika nyumba ya wazee ya Auderghem, karibu na msitu, chumba kizuri chenye miti dirishani, na kila miezi michache sehemu ya miti ilikuwa inapotea. Alikuwa na miaka tisini na moja. Ba hakuwa ameona filamu yangu hata moja mpaka mwisho, kila mara alikuwa na sababu. Hii ilikuwa yake. Nilihesabu picha zilizobaki, nikaitazama mikono yangu, nikayafikiria macho yake, nikafunika kamera kwa shuka.

Nilikwenda kumwambia kwamba nimeacha. Sikumwambia. Nilianza kumchana nywele kama nilivyofanya kila Jumapili, ana nywele nyeupe zinazofika kiunoni, na vidole vyangu vilishindwa kuzisuka. Mara tatu msuko ukafumuka.

"Tafuta msusi," akasema Ba. "Kuliko kunivuta kama mbuzi."

Hivyo ndivyo nilivyomfahamu Furaha. Wengi wenu mnamjua: ana saluni Galerie d'Ixelles, mlango wenye mwanasesere wa kichwa tu. Mwenyeji wa Uvira upande wa Kongo, Kiswahili chake kimechanganyika na Kifaransa, wakati huo akiwa na miaka arobaini na kitu. Nilimwomba aje Auderghem siku ya mapumziko yake, akaja na mfuko wa vitana, akamketisha Ba dirishani.

"Maman, uko na nywele muzuri hivi!" alisema. "Nani alikuwa anakusuka?"

"Binti yangu. Sasa mikono yake inacheza ngoma. Wewe kwenu wapi?"

"Uvira. Bujumbura tulikuwa tunaionaka ngambo ya maji. Maman yangu alikuwa anavuka mupaka kila juma kununua bitenge."

"Mnene? Ana pengo hapa mbele?"

"Hapana, maman. Mwembamba. Meno yote iko."

"Ndiye huyohuyo," akasema Ba. "Namkumbuka sana. Alipenda kukopa."

Furaha alicheka mpaka akaacha kusuka. Mimi sikucheka, nilikuwa natazama vidole vyake. Alikuwa anagawa nywele kwa ncha ya kitana, mstari ulionyooka kuanzia paji la uso mpaka kisogoni, bila kushika pumzi, huku anazungumza. Kisha kidole kinachukua kidogo, kinapita juu, kinachukua kidogo, kiasi kilekile, mara mia, mara mia mbili. Nimewafundisha wanafunzi wa vyuo vya sanaa wasioweza kufanya jambo moja mara ishirini bila kuchoka. Huyu alikuwa anafanya tangu ana miaka kumi na mbili.

Kwenye basi la kurudi nilimwambia nataka aje anichoree. Alinitazama kama nimelewa.

"Kuchora? Miye? Ku masomo walikuwa wananicheka, ngombe yangu ilikuwa na miguu tano."

"Hutachora ng'ombe."

"Donc nitachora nini?"

"Utausogeza mkono wa mama yangu. Kidogo kidogo."

Alikuja Jumatatu, siku saluni inapofungwa, kwa udadisi tu. Nikamvalisha koti langu jeusi, akavua pete zake sita na kuzipanga dirishani. Nikachora bega la Ba kwa brashi kubwa kadiri nilivyoweza, yeye akasafisha kingo kwa kijiti cha pamba, tukapiga picha. Nikampa kitambaa nikamwambia afute.

"Attends. Unafuta? Kazi yote hii unafuta?"

"Yote. Picha imeshaingia kwenye kamera."

"Eh Mungu wangu. Miye muteja akifumua nywele juma moja tu, nalia." Akasimama na kitambaa mkononi, akikitazama kioo. Halafu akainua mabega. "Bon. Hata nywele zinafumuliwaka. Tuendelee."

Akawa anakuja kila Jumatatu, na jioni akishafunga saluni, na wiki ya tatu mstari wake ulikuwa imara kuliko wangu wa ujanani. Hakujua majina ya rangi, aliziita kwa majina ya mishono na vitenge, nami nikajifunza kuchanganya "ile ya harusi ya dada" na "ile ya maman wa kanisa". Nilifurahi mno, na nilipofurahi nikaanza kuwa mkali. Hili lisikieni vizuri, kwa sababu siku moja mtakuwa na watu chini yenu. Nilikuwa nimezoea kufanya kazi peke yangu miaka yote hiyo, na mtu aliyezoea kuwa peke yake huwa hasikii sauti yake mwenyewe.

Tulifika kwenye mlango. Katika michoro yangu ya mpango, Ba anafunga duka haraka, anageuka, anaondoka. Tulifunga, tukaondoka. Furaha alikuwa anausogeza mkono polepole mno. Nikamwambia aongeze mwendo. Akaongeza kidogo. Nikamwambia tena. Picha ya thelathini bado mkono ulikuwa haujafika kwenye komeo, nami nikamnyang'anya brashi.

"Si hivyo! Nikwambie mara ngapi? Huelewi?"

Mkono wangu ukatetemeka, brashi ikachora mkwaruzo mweusi juu ya uso wa Ba. Kazi ya siku mbili imekwisha, kwa sababu uso ule huwezi kuuchora tena ukalingana na picha zilizotangulia. Furaha alivua koti, akavaa pete moja moja bila haraka.

"Maman Hansa, nakuheshimia. Lakini miye siko mutoto yako. Niko na batoto batatu na salon yangu. Sitarudi."

Akaondoka. Nilikisafisha kioo chote mpaka kikawa kitupu, nikazima taa.

Nilijipa siku nane za kujihesabia haki. Siku ya tisa nikaenda Galerie d'Ixelles. Jumamosi, watu wamejaa, muziki, harufu ya nywele zinazochomwa ncha. Furaha alikuwa anamsuka mteja mmoja na wengine wawili wanangoja kwenye benchi.

"Unakuya kusuka?" akaniuliza bila kugeuka.

"Nakuja kuomba msamaha."

"Bon. Ikala. Niko na muteja."

Nikakaa. Baada ya muda akanipa fungu la nywele za kuongezea. "Shika hizi mèches, unipatie moja moja." Nikashika. Fungu zima likawa linatikisika kama majani kwenye upepo, na wanawake wote wanatazama. Sijawahi kuionyesha mikono yangu mbele za watu hivyo. Nikampa moja, ikaanguka. Nikaokota, nikampa tena.

"Huyu maman ni nani?" mteja akauliza.

"Ni patronne, bosi yangu ya cinéma," Furaha akajibu. "Ni mukali sana."

Benchi zima likacheka, na mimi nikacheka, na nilipokuwa nacheka nikamwambia mbele yao wote kwamba nilimkosea, kwamba nilimpigia kelele kwa kazi ambayo mimi mwenyewe siiwezi tena. Alimaliza msuko aliokuwa nao, akafunga mwisho kwa uzi, ndipo akageuka.

"Nikuulize. Juu ya nini ulitaka afunge haraka?"

"Kwa sababu ndivyo alivyoniambia. Alifunga, akaondoka."

"Miye niliona maman yangu siku tulikimbia Uvira. Muntu mwenye anafunga nyumba yake hivyo hawezi kufunga haraka. Alifunga. Akafungua tena. Akaingia, akafagia."

"Alifagia? Watu wanakimbia, yeye anafagia?"

"Akafagia nyumba yote. Papa anamulalamikia ku njia. Akaweka ufagio nyuma ya mulango, njo akafunga." Akachukua fungu la nywele mikononi mwangu. "Donc mukono yangu ilikataa kukimbia. Haikuwa kukosa kuelewa."

Nilimwomba arudi anichoree hivyo, kama alivyoona. Akasema atafikiri. Jumatatu alikuja, na amebeba sambusa, akaweka sharti moja: anapokuwa na brashi, mimi niende jikoni.

Nilikwenda jikoni. Kuanzia siku ile watu wote waliobaki katika filamu ni wake, mimi nilichanganya rangi na kuchora ziwa la Bujumbura. Maji hayahitaji mkono uliotulia. Nilichukua kitambaa, nikaweka kiganja juu ya kioo, nikauacha mkono utikisike unavyotaka, na ziwa likawa ziwa. Msije mkadhani mtetemeko ulikuwa baraka. Ulifaa kwa maji tu. Kwa mengine yote ulikuwa kero, na chai bado naimwaga.

Tulichukua miezi kumi na moja kumaliza. Kila mwezi nilimuuliza Ba anaona nini dirishani, na kila mwezi alinijibu kwa hasira kwamba anaona anachotaka.

Hatukungoja ukumbi wa sinema. Tulibeba mashine ya kuonyeshea mpaka Auderghem, mchana, tukafunga mapazia ya chumba cha kulia chakula na kuomba ukuta mrefu kuliko zote. Kwa nini ukuta mrefu? Kwa sababu picha ikiwa kubwa sana, mtu asiyeona katikati anaweza kuikamata kwa pembe za macho. Ba alikaa upande upande, uso umeelekea jikoni. Mhudumu mmoja kijana alitaka kumgeuza kiti, akidhani bibi hatazami. Nikamwambia amwache, hivyo ndivyo anavyotazama.

Filamu ni dakika kumi na moja. Furaha alikuwa amenishika mkono, au mimi nilikuwa nimemshika. Duka likaja, rafu zikaja. Wateja wakaja. Ziwa likaja. Kisha mwanamke ukutani akafunga mlango, akasimama, akafungua, akaingia ndani ya duka tupu. Akachukua ufagio.

"Nani aliwaambia nilifagia?" Ba akasema.

Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti, kama anayemuuliza mteja. Wazee wengine wakageuka.

"Hakuna, maman," Furaha akajibu.

"Baba yake alikuwa nje ananiita. Gari linangoja. Nikamwambia siwezi kuwaachia watu vumbi." Shingo yake ilikuwa imegeuzwa, akiikamata picha kwa pembe ya jicho. Mwanamke alikuwa anafagia bado. "Sikuwahi kumwambia mtu. Niliona aibu. Watu wanakufa, mimi nafagia."

Nilipiga magoti kando ya kiti chake. Ba alinigusa kichwa bila kuondoa jicho ukutani, akanisukuma kidogo, nilikuwa nimemziba.

Mlango ukafungwa. Maji. Mwisho. Yule mhudumu akawasha taa, baadhi ya wazee wakapiga makofi, mmoja akauliza kama sasa ni chakula. Nilimngoja Ba. Nilikuwa nimemngoja miaka mingi sana.

"Mlango mmeukosea," akasema.

"Tumeukosea vipi, Ba?"

"Mmechora komeo moja. Yalikuwa mawili. La juu na la chini. La chini lilikuwa linakwama, lazima ulipige teke."

Nilimtazama Furaha. Furaha alimtazama Ba, yule mwanamke wa miaka tisini na mbili ambaye daktari wa macho alituambia haoni tena, aliyehesabu makomeo kwenye ukuta akiwa amegeukia jikoni. Machozi yalikuwa yanamtoka Furaha na alikuwa anacheka.

"Maman, teke ni ya mguu gani?"

"Wa kulia," Ba akasema. "Na nilikuwa na kandambili."

Jumatatu tulirudi mezani. Wiki tano za kuchora mlango upya na mguu mmoja, Furaha akilalamika kuhusu kandambili kila siku. Mtakapoiona filamu, tazameni pale mwishoni. Makomeo ni mawili. Hesabuni.